Udiwani Bagamoyo: nini kiko mikononi mwa diwani, pesa ya kata inatoka wapi, na fomu huharibika wapi?

Bintipwani

Asalaam aleykum wakuu.

Naomba mwongozo kwa wanaoijua halmashauri kwa ndani, siasa za kijiweni tumeshazisikia za kutosha. Nina nia ya kugombea udiwani wa kata (siyo viti maalum) kwenye mojawapo ya kata za Bagamoyo zilizo kando ya barabara ya Dar. Nalenga 2030, au uchaguzi mdogo ukitokea kabla. Kadi ya chama ninayo.

Madai ya wananchi wa kata yanajulikana: barabara za ndani hazipitiki masika, maji ni ya mgao, kuna boma (jengo lisilomalizika) la zahanati limekwama kwenye lenta, wavuvi wanalalamikia ushuru wa mwaloni, akina mama na vijana wanataka mikopo ya asilimia kumi, na taka zinatupwa kwenye mikoko.

Ninachoomba kujua: kati ya hayo, lipi diwani analiweza kweli? Pesa ya kata ni kiasi gani ukiondoa maneno ya jukwaani? Na kwenye fomu watu huangukia wapi?

---

Kibarazani

Waleykum salaam dada. Nijibu la kwanza, maana huko ndiko wengi hujifunga kamba wenyewe. Wanaahidi vitu vya taasisi nyingine, kisha miaka mitano inaisha wakiitwa waongo.

Barabara za ndani ni za TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) tangu 2017. Barabara kuu ni za TANROADS, ikiwemo ya kwenda Dar na ile ya Makurunge hadi Saadani, Pangani na Tanga. Mgombea udiwani anayepanda jukwaani Makurunge au Tongoni akasema "nitawaletea lami ya Pangani" anaahidi kazi ya serikali kuu. Maji kwa Bagamoyo mjini na ukanda wenu ni DAWASA, vijijini ni RUWASA (wakala wa maji vijijini) na vyombo vya jamii vya watumia maji. Umeme ni TANESCO na REA.

Vinavyobaki kwenye halmashauri yenyewe: shule za msingi na sekondari, zahanati na vituo vya afya, masoko, mialo, stendi, machinjio, taka, ugani, mikopo ya asilimia kumi, ushuru na sheria ndogo. Kwenye orodha yako basi, vya halmashauri moja kwa moja ni boma, ushuru wa mwalo, mikopo na taka. Barabara na maji ni vya kusukuma tu.

Kusukuma nako kuna namna yake. Kwa barabara, swali la kwanza kwa meneja wa TARURA wa wilaya ni hili: barabara hii imesajiliwa kwenye mtandao wenu? Kama haimo, haitapata hata shilingi moja ya Mfuko wa Barabara, mlie mpaka mchoke. Mnaanza na azimio la Kamati ya Maendeleo ya Kata, linapelekwa barazani, kisha TARURA wanakuja kuipima na kuiombea usajili. Hapo ndipo hutokea kizuizi: upana. Watu wameshajenga mpaka kwenye njia ya gari, na fungu la fidia kwa barabara za mitaa mara nyingi halipo. Makubaliano ya kuacha eneo yapatikane kwenye mkutano wa kijiji, yaandikwe na kusainiwa kabla mpimaji hajafika.

La pili, usiombe "greda". Omba mitaro na kalavati kwanza. Barabara ikichongwa bila mitaro, kila greda linapopita linaishusha kidogo kuliko viwanja vya pembeni, na baada ya miaka michache inakuwa mfereji. Masika ya Machi hadi Mei maji yote yanapita humo, changarawe inakwenda baharini. Kalavati mbili na mita mia tatu za mtaro mahali panapotuama ni bora kuliko kilomita nne za kuchonga.

---

Mipango_Tanga

Kibarazani yuko sawa, ila TARURA kumiliki barabara hakuizuii halmashauri kuweka mapato yake ya ndani kwenye barabara kwa kushirikiana nao. Majiji hufanya hivyo. Halmashauri ya wilaya yenye mapato ya wastani itapata tabu, na sababu utaiona kwenye hesabu hapa chini.

Dada, kabla ya kuandika ahadi yoyote, ijue kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Vijiji na mitaa huibua vipaumbele (ule utaratibu wa fursa na vikwazo kwa maendeleo) kabla ya mwongozo wa bajeti, ambao kwa kawaida hutoka kati ya Oktoba na Desemba. Halmashauri inaingiza mpango kwenye mfumo wa PlanRep, menejimenti inapitia, Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango inachambua, Baraza linapitisha mwanzoni mwa mwaka unaofuata. Halafu mkoa, TAMISEMI (ofisi ya serikali kuu inayosimamia halmashauri), na Bunge la Aprili hadi Juni.

Sasa weka uchaguzi wa Oktoba juu ya kalenda hiyo. Diwani anaapa wakati bajeti inayotumika ilishapitishwa na wenzake waliomtangulia, na vipaumbele vya mwaka ujao vimeshaibuliwa vijijini bila yeye. Akizembea hata kikao kimoja cha Kamati ya Fedha au Baraza, bajeti ya pili nayo inampita. Mradi wa kwanza wenye mkono wake unaanza kupata pesa Julai ya mwaka unaofuata, na mara nyingi robo ya kwanza haina kitu kwa kuwa makusanyo bado hayajashika kasi. Kwa hiyo "siku mia moja za kwanza" ni maneno ya redioni. Ahadi ya kweli ya mwaka wa kwanza ni kusimamia vilivyokwishapangwa visipotee.

Pesa sasa. Mapato ya ndani ya halmashauri kisheria yanatoka kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290: ushuru wa huduma (sehemu ndogo ya mauzo ghafi ya kampuni), leseni, ushuru wa mazao, masoko, nyumba za kulala wageni, ada za vibali. Baadhi yamefungiwa matumizi, kwa mfano malipo ya wagonjwa, ambayo yanabaki kituoni. Yale yasiyofungiwa ndiyo yanayogawanywa: sehemu ya maendeleo, sehemu ya uendeshaji. Asilimia ya maendeleo inatajwa na mwongozo wa bajeti kulingana na ukubwa wa makusanyo; halmashauri kubwa hudaiwa zaidi. Usiichukue mtandaoni, isome kwenye mwongozo wa mwaka unaohusika.

Mfano wa kubuni, usije ukausoma kama hesabu ya Bagamoyo. Halmashauri ina mapato yasiyofungiwa Sh bilioni 4 na inatakiwa kutenga asilimia 40 kwa maendeleo. Hiyo ni bilioni 1.6. Humo toa asilimia kumi ya mikopo, milioni 400. Inabaki bilioni 1.2. Toa viporo vya mwaka jana na madeni ya wazabuni, tuseme milioni 300. Imebaki milioni 900. Bagamoyo ina kata 11. Zikigawanywa sawa, ambazo hazigawanywi sawa, kila kata inapata kama milioni 82 kwa mwaka.

Milioni 82 inanunua nini? Viwango ambavyo serikali imekuwa ikivituma miaka ya karibuni ni Sh milioni 12.5 kumalizia boma la darasa, Sh milioni 20 kwa darasa jipya (zile za fedha za UVIKO-19 mwaka 2021), na Sh milioni 50 kumalizia boma la zahanati. Kituo cha afya kipya kimekuwa kikipewa milioni 500 kwa awamu mbili. Kata yako basi inamalizia boma moja la zahanati na maboma mawili ya madarasa kwa mwaka, makusanyo yakifika asilimia mia. Yakifika 80, kinachokatwa kwanza ni maendeleo, maana posho, mafuta ya magari na vikao havisubiri. Mimi hilo ndilo naliona kipaumbele namba moja cha diwani yeyote, hata kama halipigiwi makofi: kukaa na taarifa ya makusanyo ya kila robo na kuuliza kwa nini sehemu ya maendeleo haijahamishwa wakati ya uendeshaji imekwenda.

Pitia pia taarifa ya CAG (mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali) kuhusu serikali za mitaa, hutoka hadharani kila Aprili. Angalia halmashauri yako kwenye majedwali matatu: mapato yaliyokusanywa bila kupelekwa benki, mikopo isiyorejeshwa, na miradi iliyokamilika isiyotumika. Hoja za kampeni nzima zimo humo, zenye namba.

---

Bintipwani

Mipango_Tanga, ahsante sana, hiyo ya milioni 82 imenikalisha kitako. Sasa kama kila kata inagombea kapu hilo hilo, kipaumbele cha kata moja kinapitaje mbele ya zingine kumi? Na hilo boma la zahanati: nikiahidi kulimalizia, naahidi kitu salama?

---

Mipango_Tanga

Kinapita kwa karatasi. Afisa mipango ana maombi mengi na ukomo mmoja wa bajeti. Ombi lenye muhtasari wa mkutano uliotimiza akidi, mahudhurio yaliyosainiwa, kipaumbele kimoja au viwili, makadirio ya mhandisi na mchango wa wananchi ulioonekana, hilo linaingia. Kata inayoleta orodha ya vitu kumi na vinne bila mpangilio inamwachia mtaalamu achague, naye huchagua cha bei nafuu.

Mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata ni diwani, katibu ni Mtendaji wa Kata. Kikao kinachokosa katibu au muhtasari ni mazungumzo ya barazani tu, hakina nguvu. Ukipata kiti, mambo yako yatasimama au kuanguka kwa Mtendaji huyo kuliko kwa mbunge.

---

Fundi_Lenta

Boma. Hapa naomba nikae kidogo kwa sababu ahadi hii inaonekana nyepesi kuliko zote na ndiyo inayoaibisha.

Nenda ukaliangalie na mhandisi wa halmashauri, siyo na fundi wa kijijini aliyelijenga. Mambo ya kutazama:

Ramani. Maboma mengi ya nguvu za wananchi yalijengwa kwa mchoro wa fundi. Halmashauri inamalizia jengo linalolingana na ramani ya TAMISEMI au linaloweza kurekebishwa lilingane. Chumba cha kujifungulia kikiwa na upana wa chumba cha kulala cha kawaida, kuna ukuta wa kubomolewa, na milioni 50 haitoshi tena.

Eneo. Kuna muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji unaokabidhi kiwanja? Ukanda wa Mapinga, Kerege na Zinga ardhi ina thamani, na mtu aliyenyamaza wakati wa msingi huibuka na karatasi za mauziano pindi bati linapopandishwa. Zuio la mahakama likija, pesa inarudi hazina mwisho wa mwaka wa fedha.

Hali ya jengo. Pwani kuna ugonjwa wake. Kama tofali na zege vilichanganywa kwa mchanga wa ufukweni, chumvi imo ndani. Tembea chini ya lenta ukitazama upande wa chini: ukiona mistari ya kahawia inayofuata nondo, au ganda la zege limeinuka, gonga kwa nyundo ndogo. Zege zima linatoa mlio mkavu. Lililoachana na nondo linatoa mlio wa utupu na vipande vinadondoka. Lenta ya namna hiyo haibebi paa, inabomolewa na kumwagwa upya. Nondo za nguzo zilizoachwa zimechomoza miaka mitano kwenye upepo wa bahari nazo hazifai kuungwa hivi hivi. Ripoti ya mhandisi ya ukurasa mmoja itakuokoa kuliko picha mia za kampeni.

Halafu utekelezaji. Pesa ikija kwa utaratibu wa kutumia mafundi wenyeji, zinaundwa kamati tatu: ujenzi, manunuzi na mapokezi. Mtu mmoja asiwe kwenye mbili, hasa manunuzi na mapokezi, kwa sababu aliyenunua hawezi kujikagua. Manunuzi siku hizi yanapita mfumo wa NeST, kwa hiyo duka la vifaa mnalotegemea liwe limesajiliwa humo mapema. Kosa la kila siku ni kununua saruji yote siku moja kwa kuogopa pesa kurudi. Mifuko inalala kwenye chumba cha darasa chini sakafuni, unyevu wa pwani unaingia, baada ya miezi miwili au mitatu unakuta mabonge. Saruji iletwe kwa awamu, ipangwe juu ya mbao, mbali na ukuta, isizidi mifuko kumi kwenda juu.

Na zahanati haifunguliwi kwa kuwa ina rangi. Inatakiwa choo, maji, umeme au sola, kichomea taka, shimo la kondo la nyuma, na nyumba ya mtumishi au angalau mahali pa kupanga karibu. Hivi ndivyo hukatwa makadirio yanapobana, na ndiyo maana kuna majengo yanayong'aa yakiwa yamefungwa kufuli.

La mwisho ambalo wengi hawalijui: watumishi. Ikama (idadi ya watumishi wanaoidhinishwa) hupangwa pamoja na bajeti. Kama zahanati itakamilika Mei, maombi ya mganga na muuguzi yawe yameingia kwenye ikama ya bajeti ile ile iliyolimalizia. Ukisubiri jengo liishe ndipo uombe watumishi, umeongeza mwaka mzima. Kwa hiyo dada, usiahidi "nitamalizia boma". Ahidi zahanati inayotibu, na taja mwaka wa fedha.

---

Chumbageni_Juu

Mikopo na mwalo, kwa ufupi maana nayajua kwa upande wa Tanga, ila sheria ni ile ile.

Asilimia kumi iko kwenye kifungu cha 37A cha Sura 290: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, bila riba. Ilisimamishwa 2023, ikarudi mwaka wa fedha 2024/25 kwa utaratibu mpya. Baadhi ya halmashauri zinapitisha kwa benki. Diwani hachagui vikundi. Anayechambua ni Afisa Maendeleo ya Jamii na kamati zake, kuanzia ngazi ya kata. Ukiahidi "mkinichagua mtapata mkopo" umeahidi upendeleo, na siku orodha ikitoka bila jina la mtu aliyekupigia kampeni, umekwisha.

Kazi ya diwani ni kuhakikisha kila kikundi kilichoombewa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata kinajulikana na mwenyekiti wa kitongoji au mtaa kwa sura. Vikundi hewa vina dalili: namba za simu zinazofuatana, wanachama wa nyumba moja, andiko la mradi lililonakiliwa neno kwa neno kutoka kikundi kingine. Omba pia orodha ya marejesho isomwe kwenye kikao.

Kwa wavuvi kuna jambo mahususi ambalo halmashauri huwa hailitazami. Mkopo wa boti na mashine ukitolewa mwanzoni mwa kusi, marejesho yanaanza wakati bahari imechafuka na vyombo vidogo viko juu ya mchanga. Kikundi kinashindwa kabla hakijaanza. Sukuma mikopo ya uvuvi itoke kabla ya kaskazi kuanza, yaani ifikapo Oktoba, na iwe na nyavu, majaketi ya kuokolea na leseni ndani ya andiko. Mashine peke yake haivui. Akina mama wa mwani na dagaa wana kalenda yao tofauti, waulizwe wao.

Ushuru wa mwalo: dai la kwanza ni kuona sheria ndogo yenyewe na namba ya Tangazo la Serikali. Linganisha kiwango kilichoandikwa na kinachodaiwa. Mara nyingi malalamiko siyo kiwango, ni samaki mmoja kutozwa mara mbili, mwaloni na tena sokoni, au mzabuni kukusanya bila risiti ya mashine. Hilo linatatuliwa kwa usimamizi bila kugusa sheria. Ukitaka kiwango kishuke ni safari nyingine: rasimu ya marekebisho, kutangazwa kwa wananchi watoe maoni, Kamati ya Fedha, Baraza, mwanasheria, TAMISEMI, halafu Gazeti la Serikali. Usiahidi chini ya mwaka. Na ukiipunguza, mkurugenzi atakuuliza barazani pengo utaliziba na nini. Uwe na jibu.

Hapa Tanga mjini, kuanzia Deep Sea hadi Sahare, hoja hii hurudi kila uchaguzi kwa sababu wagombea huishia kwenye "tutafuta ushuru" na hawataji kifungu.

Taka zilizo kwenye mikoko: sheria ndogo ya usafi ipo karibu kila halmashauri, lakini ada inakusanywa na gari haliji, ndipo watu wanaacha kulipa, ndipo gari linakosa mafuta. Anza na siku maalum ya gari kwa kila kitongoji kabla ya kudai ada. Mkokoteni au guta la kikundi cha vijana linafika kwenye vichochoro ambavyo lori halifiki, lilete taka kwenye kizimba kimoja barabarani. Mkataba wa kikundi uwe na halmashauri, siyo na mwenyekiti wa kitongoji.

---

Mzee_wa_Akidi

Wenzangu wamemaliza ya kazini. Niingie kwenye fomu, maana kuna watu wenye ajenda nzuri hawajawahi kufika kwenye karatasi ya kura. Mwaka 2020 wagombea wengi nchini walienguliwa kwa kasoro za fomu, baadhi zikiwa za herufi.

Sharti la msingi: raia, miaka 21 kwenda juu, unasoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, mwanachama uliyedhaminiwa na chama, na mkazi wa kawaida wa eneo la halmashauri. Mgombea binafsi sheria yetu hairuhusu. Sheria inayoongoza sasa ni ile ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani Namba 1 ya 2024. Ukikuta mtu anakunukulia Sura 292, sheria ya zamani ya uchaguzi wa serikali za mitaa, amechelewa.

Ukazi ndiyo mtego wa ukanda wenu. Watu wengi wa Mapinga na Kerege wanalala Bagamoyo lakini kadi ya mpiga kura, leseni ya biashara na anwani ya kazi vyote ni vya Dar. Kama wewe ni mmojawapo, daftari la wapiga kura likiboreshwa hamishia taarifa zako kituo cha kata utakayogombea, na jina lako lijulikane kwa mwenyekiti wa kitongoji. Usimpe mpinzani hoja ya bure.

Ndani ya chama: kushinda kura za maoni siyo mwisho. Kuna vyama ambavyo vikao vya juu vya uteuzi vinaweza kumrudisha wa pili au wa tatu. Soma kanuni za chama chako, hasa muda wa uanachama na nani mwenye mamlaka ya kusaini fomu ya Tume ya Uchaguzi. Fomu iliyosainiwa na kiongozi asiyehusika imeshaua wagombea.

Kisha Fomu Namba 8C. Inachukuliwa na kurudishwa kwa Msimamizi Msaidizi wa Uchaguzi ngazi ya kata. Unahitaji wadhamini wasiopungua 10 waliojiandikisha kupiga kura ndani ya kata. Andaa zaidi ya hapo. Keti nao mmoja mmoja na kadi mkononi, nakili namba ya kadi ukiisoma kwa sauti na mtu wa pili akiifuatilia. Makosa ya kawaida: mdhamini wa kata jirani, mdhamini aliyesaini kwa wagombea wawili, namba iliyoruka tarakimu, na jina la mgombea lililoandikwa tofauti na kadi. Mwanahawa kwenye kadi na Mwanahawwa kwenye fomu ni nafasi ya mtu kukupinga. Majina matatu yafuate kadi, hata kama cheti cha kuzaliwa kinasema vingine.

Tamko lako linatolewa mbele ya hakimu. Usiliache mpaka siku ya uteuzi, kwa kuwa wagombea wote wa wilaya watakuwa kwenye foleni hiyo hiyo. Lipa dhamana, chukua stakabadhi, saini fomu ya kukubali Maadili ya Uchaguzi, na fuatilia matakwa ya Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010. Kurudisha fomu mwisho ni saa 10:00 jioni siku ya uteuzi. Nenda asubuhi, kosa likionekana upate muda wa kulirekebisha, na uondoke na nakala zilizogongwa mhuri. Baada ya hapo kuna dirisha la pingamizi hadi saa 10:00 jioni ya kesho yake, na uamuzi usipokuridhisha una saa 24 kukata rufaa Tume. Siku hizo mbili usisafiri, simu isizime, na mtu anayejua kuandika majibu ya kisheria awe karibu.

Kuhusu zawadi. Takrima ("ukarimu" wa mgombea kwa wapiga kura) iliondolewa na Mahakama Kuu mwaka 2006 na sheria ya TAKUKURU inatumika hata ndani ya mchujo wa chama. Huku kwetu mtego unakuja kwa sura ya heri: futari, mchango wa maulidi, kanga za kikundi cha akina mama, jezi za timu. Ukishaonyesha nia, acha kabisa mpaka uchaguzi uishe, hata kama ulikuwa ukitoa kila mwaka. Kampeni zenyewe ni saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni kwa ratiba iliyopangwa. Spika ya gari ikisikika saa moja usiku wataandika.

Siku ya kura, kila kituo wakala wake, awe ameapishwa mapema kwa ratiba ya Tume na barua ya utambulisho mkononi. Matokeo ya udiwani kituoni yanaandikwa kwenye Fomu Namba 21C. Wakala asiondoke bila nakala iliyosainiwa, na asisaini kabla hesabu haijamalizika hata akiambiwa usafiri unaondoka. Chakula na maji yake mpelekee wewe. Wakala mwenye njaa tangu alfajiri hutoka saa nane kutafuta wali, na hapo kituo kinabaki bila jicho lako.

---

Bintipwani

Wakuu nimenakili yote. Kadi yangu kweli iko Dar, nitaishughulikia daftari likifunguliwa. Miaka hii minne nikiwa mwananchi tu, naruhusiwa kuona hizo karatasi za mapato na bajeti?

---

Kibarazani

Unaruhusiwa. Anzia kijijini: mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila miezi mitatu na taarifa ya mapato na matumizi isomwe na kubandikwa. Mikutano ya Baraza la Madiwani iko wazi kwa wananchi kuketi na kusikiliza, muulize Mtendaji wa Kata tarehe, hufanyika kila robo. Bajeti ikishapitishwa iombe kwa barua kwa mkurugenzi, nakala kwa afisa mipango, ukitaja mwaka wa fedha na kata. Barua igongwe mhuri wa kupokelewa masjala. Ombi la mdomo huwa halijibiwi.

---

Fundi_Lenta

Na ukienda kwenye boma beba nyundo.